Hivi ua la sileni lenye gundi kwenye shina linakula wadudu au linawanasa tu?

Kijani_Kibichi:

Wakuu habari za muda huu. Wajuzi wa mimea naomba msaada maana nimetafuta majibu mpaka nimechanganyikiwa. Nina mmea wa sileni kwenye chungu, maua yake pinki kali inayoelekea zambarau, majani membamba, alafu kwenye shina, chini ya kila jozi ya majani ya juu, kuna kipande cheusi cheusi hivi ambacho ukikigusa kinanata balaa, kidole kinabaki na ulimbo mpaka unawe na sabuni. Sasa kwenye hivyo vipande kila nikipita nakuta vidudu vimekwama, vinzi vidogo, vidukari vyenye mabawa, juzi hadi mbu, miguu juu. Aliyeniuzia mbegu mtandaoni aliandika kwenye tangazo "mmea unaokula nzi" nami nikanunua kwa mbwembwe zote, ila naona vidudu vinakauka pale pale, haviyeyuki wala nini, mwisho vinabaki ganda tu linapeperushwa na upepo.

Kwa hiyo swali la kwanza: inakula au haili? Kama haili hiyo gundi ya kazi gani? La pili, kila nikisoma habari za hizi sileni napata stori mbili zinazopingana, huku wanasema ni gugu linasumbua mashambani, kule wanasema inalindwa na sheria maana inakaribia kuisha duniani. Inakuwaje kitu kimoja kiwe gugu na hapo hapo kiwe cha kulindwa? Kwani ziko aina ngapi na zinaishi wapi? Nawasilisha.

Nondo_wa_Usiku:

Mkuu huyo muuzaji kakupiga changa la macho. Sileni haili mdudu. Mimea inayokula wadudu kweli kweli inatoa kimeng'enya, kinamyeyusha mdudu, alafu jani linanyonya ule uji na nitrojeni inaingia kwenye mwili wa mmea. Sileni haina mambo hayo, inategemea mizizi na jua kama mmea mwingine wowote. Wapo waliohisi labda hizi ziko njiani kuelekea huko kwenye kula nyama, wakachunguza, lakini hamna ushahidi wa maana kwamba zinafaidi ile mizoga kama chakula.

Gundi ya nini basi? Angalia ilipokaa. Haiko kwenye petali, haiko kwenye majani ya chini, iko kwenye shina sehemu ya juu, yaani njia pekee ya kufika kwenye ua kwa miguu. Nani anayekwenda kwenye ua kwa miguu? Sisimizi. Ua la sileni lina kikombe kirefu cha kijani nyuma, petali zinatokea mdomoni mwake na nekta iko chini kabisa. Nondo au nyuki anakuja kwa mabawa, anaingiza ulimi mpaka chini, na akiwa anakunywa uso wake lazima uguse stameni (vijiti vya kiume vyenye chavua) na stigma (ncha ya kike inayopokea chavua), hapo amelipia kinywaji kwa kubeba chavua. Sisimizi yeye anapanda tu, mwili mdogo, anateremka ndani anakomba nekta anarudi zake, chavua hajaigusa, na hata akiigusa hafiki mmea mwingine wenye faida. Ndo maana njia ikawekwa ulimbo. Hao vinzi wako na mbu ni wapita njia waliotua pabaya, hawakuwa walengwa.

Kwa maelezo yako hiyo ni Silene viscaria, vitabu vya zamani vinaiandika Lychnis viscaria, ni mmea wa Ulaya na Asia ya magharibi, unapenda majabali makavu yenye udongo haba. Uingereza ni adimu, na moja ya sehemu zinazojulikana ni miamba ya Holyrood Park, Edinburgh, katikati kabisa ya jiji. Ile mikanda myeusi chini ya vifundo ndo kitambulisho chake. Wenzake wengi gundi haiko kwa mikanda, shina lote la juu na kile kikombe vimefunikwa vinywele vyenye tezi nchani, ukiangalia kwa lenzi unaona kila unywele una tone lake.

Bishana_Kwa_Hoja:

Mimi hapo kwenye "hafaidi" sijakubali. Mdudu akifa pale si anaoza, mvua ikinyesha si inamsukuma chini kwenye mizizi, mbolea hiyo? Sasa kula ni nini kama si hivyo?

Nondo_wa_Usiku:

Hahaha kwa hesabu hiyo hata mwembe unakula nyani akifia chini yake. Mmea unaokula una kifaa cha kunasa, cha kuyeyusha na cha kunyonya, na mdudu akiingia vifaa vinafanya kazi. Hapa kuna cha kunasa peke yake.

Ila kuna jambo moja tamu. Kwenye mimea mingine yenye gundi watafiti wameona mizoga ina faida isiyopita tumboni, inavutia wawindaji kama buibui na wadudu wakali wa jamii ya kunguni waje kula mizoga ya bure, wakishafika pale wanakula na viwavi wanaoutafuna mmea. Mmea unapata walinzi kwa kuwalipa nyama ya maiti. Kwa sileni yako siwezi kukuambia lazima iwe hivyo, ila ukiona buibui mdogo amepanga nyumba hapo usimfukuze.

Mama_Bustani:

Mwanangu Kijani, ngoja mimi nikujibu la aina, maana hapo kwenye "kitu kimoja" ndo umejichanganya. Sileni siyo kitu kimoja, ni jenasi, yaani kundi la mimea ya undugu wa karibu, na ndani yake zimo spishi zaidi ya 700, ni moja ya jenasi kubwa kabisa kwenye ukoo wa mikarafuu ya maua, ile mikarafuu ya kwenye mashada, siyo karafuu ya kiungo. Nyingi ziko sehemu za baridi na za wastani za kaskazini ya dunia, hasa kuzunguka bahari ya Mediterania na Asia ya kati, zingine zimeshuka Afrika kupitia nyanda za juu, mfano Silene burchellii utaikuta kuanzia Afrika Kusini mpaka Ethiopia. Kwa hiyo kuuliza sileni ni gugu au ni adimu ni kuuliza ndege ni mkubwa au mdogo.

Nikupe chache ninazozipenda. Iko Silene vulgaris, kikombe chake kimevimba kikawa kibofu chenye mishipa mishipa, watoto wanakibinya kinapasuka paa! Majani yake machanga yanaliwa, Wahispania wanayaita collejas, wanayapika na mayai na kunde, na Waitalia nao wanayo kwenye mapishi yao. Hiyo hiyo inaota kwenye vifusi vya migodi ya zamani penye shaba na zinki ya kuua mimea mingine, yenyewe inastahimili. Sasa msichume mboga kwenye kifusi cha mgodi jamani, mmea ukistahimili sumu haina maana wewe utaistahimili.

Alafu iko Silene acaulis, hii ndo kipenzi changu. Inaishi juu milimani na kwenye ncha ya kaskazini ambako miti imeshashindwa, Aktiki, Alps, Rocky. Haina shina la kusimama, inatengeneza mto wa kijani uliobanana ardhini, mgumu, maua ya pinki yamekaa juu yake bila vikonyo. Ukiweka kipimajoto ndani ya huo mto unakuta joto kuliko hewa ya nje, kwa hiyo mimea mingine midogo inakuja kuota humo humo ndani yake. Mto mmoja unaweza kufikisha zaidi ya miaka 300. Na kule kaskazini ya dunia maua yake huanza kufunguka upande wa kusini unaopata jua, unaweza kuoneshwa dira na ua.

Afrika Kusini iko Silene undulata, Waxhosa waganga wao wanatumia mzizi wake, wanausaga wanaukoroga na maji mpaka povu liumuke, wanakula lile povu ili waote ndoto zenye kueleweka. Hiyo maua yake meupe yanafunguka usiku yananukia.

Nondo_wa_Usiku:

Mama umegusa usiku, sasa hapo ndo kwangu. Karibu nusu ya raha ya sileni iko gizani na watu wanaikosa kwa sababu wamelala. Chukueni Silene nutans. Mchana ukiiona unasema imekufa kiu, petali zimejikunja kwa ndani, ua limeinama, hakuna cha harufu wala nini. Jua likizama petali zinajikunjua zinarudi nyuma, nyeupe, kila moja imechanwa mara mbili, harufu inatoka nzito. Usiku wa kwanza zinachomoza stameni tano zikiwa na chavua, asubuhi ua linajikunja zile tano zinanyauka. Usiku wa pili zinatoka tano zilizobaki. Usiku wa tatu stameni zimekwisha kazi, ndo zinatoka stigma tatu kupokea chavua ya ua lingine. Ua moja linakuwa dume siku mbili alafu jike siku ya tatu, kwa hiyo kujichavusha lenyewe kwa lenyewe kunakuwa kugumu. Ilikuwa inaota kwenye kuta za ngome ya Nottingham kule Uingereza na ndo ilikojulikana nayo, ila pale ngomeni sasa hivi haipo.

Na yule mbu aliyekwama kwako Kijani, usimdharau. Mbu dume na jike wote wanakunywa nekta, damu ni ya jike akitaka kutaga tu. Kuna Silene otites, maua vidogo vya kijani njano visivyo na urembo wowote, harufu yake inawavuta mbu usiku na mbu wanabeba chavua yake kabisa pamoja na nondo. Watafiti wamechukua ile harufu wakaijaribu kwa mbu maabara, wakaifuata.

Kijani_Kibichi:

Duuh kumbe mbu ana kazi ya maana mahali. Asanteni sana, Mama shikamoo. Sasa hiyo ya dume na jike imenifungua kichwa, kwani mimea ina jinsia kihivyo?

Ticha_wa_Bayo:

Marahaba za Mama usijibiwe na mimi, ila swali nalidaka. Mimea mingi ua moja lina vyote viwili. Lakini Silene latifolia, ile nyeupe ya pembezoni mwa njia huko Ulaya, iko kama sisi: mmea huu ni dume mtupu, ule ni jike mtupu, na jinsia inaamuliwa na kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) X na Y. Dume XY, jike XX. Hii ilionekana kwa hadubini mwaka 1923, na sileni ilikuwa miongoni mwa mimea ya kwanza kabisa kujulikana ina kitu hicho. Kwetu binadamu Y ni kidogo kimechakaa, kwa sileni ni kinyume, Y ni kubwa kuliko X. Wanasayansi wanaipendea hapo maana kromosomu zake za jinsia ni changa ukilinganisha na zetu, unaona mambo yanavyoanza badala ya kukuta yameshaisha.

Utamu haujaisha, una ugonjwa wa zinaa pia. Msicheke. Kuna fangasi wa jenasi Microbotryum anayekaa kwenye stameni. Ua likishaugua, ile sehemu inayotakiwa kuwa na chavua ya rangi ya manjano inajaa unga wa kahawia unaoelekea zambarau, ukigusa petali nyeupe zinabaki na masizi. Huo unga ni mbegu za fangasi. Nondo anakuja kunywa kama kawaida, anajipaka, anapeleka kwenye ua la pili. Sasa kituko ni kwa jike, jike hana stameni za kukaliwa, fangasi anamlazimisha aote stameni, sehemu ya kike ya kutengeneza mbegu inadumaa, na stameni zikikomaa hazina chavua, zina fangasi. Mmea haufi, unaendelea kutoa maua msimu kwa msimu, maua mazuri tu, mbegu hamna, kazi yake yote imekuwa ya fangasi.

Na huyo nondo naye si malaika. Anaitwa Hadena bicruris, jike lake linachavusha ua na papo hapo linataga yai ndani, kiwavi akitoka anakula mbegu zile zile alizosaidia mama yake kutengeneza, zikiisha anahamia kidonge (kifuko cha mbegu) kingine. Mmea unapata baadhi unapoteza baadhi. Sasa hii nyeupe ilivyopelekwa Amerika ya Kaskazini miaka ya 1800 yule nondo hakwenda nayo, ikakuta nondo wengine wa kuichavusha bila kuila, ikastawi vibaya mno. Hapo ndo unapata gugu lako Kijani, gugu mara nyingi ni mmea uliohama ukawaacha maadui nyuma.

Mlinzi_wa_Mbegu:

Wadau nimeona mmefika kwenye gugu, naomba nimalizie upande wa pili ambao ndo unaniuma, zile zinazoisha.

Kwanza hata gugu linaweza kuisha. Silene gallica ni kaua kadogo ka shambani, kamezoea kuota na nafaka, sehemu nyingi duniani mpaka leo kanaitwa gugu. Uingereza kamepungua vibaya. Hakuna aliyekatangazia vita, ni kwamba mbegu za ngano zikaanza kusafishwa vizuri, dawa za kuua magugu zikaja, mbolea ikaongezwa ngano ikawa nene haipitishi jua chini, basi. Sasa hivi huko kuna watu wanalima kipande pembeni ya shamba bila dawa makusudi ili kapate pa kuota.

Ya pili ni Silene regia ya Marekani, ua jekundu la moto, linaota kwenye nyika za nyasi ndefu na misitu myepesi kuanzia Ohio mpaka Missouri na kushuka kusini. Jekundu vile kwa sababu mteja wake ni wale ndege wadogo wa Amerika wanaopiga mabawa mpaka wanaganda hewani mbele ya ua, wanafanya kazi ile ile ya ndege chozi wa kwetu. Zile nyika zimelimwa karibu zote, ua limebaki kwenye vipande, kando ya reli, kwenye makaburi ya zamani, kingo za barabara. Sasa angalia ubaya wa vipande. Mtafiti alichukua mbegu kwenye makundi makubwa na makundi madogo akaziotesha, mbegu za makundi madogo zikaota kidogo kuliko za makundi makubwa. Ukipita njiani unaona maua yamesimama mekundu mazuri unasema hii iko salama, kumbe mbegu zake zimeshadhoofu, wanachavushana wenyewe kwa wenyewe na ndege hapiti mara kwa mara kwa ajili ya maua machache. Jingine, nyika hiyo ilizoea moto. Moto ukizuiwa nyasi kavu zinalundikana na vichaka vinafunga, mche mdogo wa sileni haupati jua. Kwa hiyo kuitunza ni pamoja na kuchoma kwa mpangilio.

Ya tatu Silene spaldingii, hii sasa ni tabu tupu, kaskazini magharibi mwa Marekani na inaingia kidogo Kanada. Si nzuri kwa macho, petali ndogo za kijani nyeupe, mwili mzima umejaa gundi umeshika vumbi na vipande vya nyasi. Nyumba yake kuu ni nyika ya Palouse ambayo imelimwa ngano, imebaki kama asilimia 1 tu hivi ya nyika ya asili, na iliyobaki ni miteremko mikali ambayo trekta limeshindwa. Tangu 2001 iko kwenye orodha ya serikali ya Marekani ya spishi zilizo hatarini. Kuihesabu ni kizungumkuti, kwa sababu ina mzizi mrefu unashuka chini sana, na mwaka ikijisikia haitokezi juu kabisa, inalala ardhini mwaka mzima hata zaidi, ikipenda inarudi. Kwa hiyo ukienda mwaka mmoja ukahesabu ukaona hamna, usiseme imekufa. Tena inategemea sana spishi moja ya nyuki wale wakubwa wenye manyoya, Bombus fervidus. Nyuki akikosa maua mengine ya kumtunza msimu mzima anahama, na sileni inabaki bila mshenga.

Na Hawaii ziko spishi saba ambazo hazipo kokote kwingine, baadhi zinahesabiwa zimeshatoweka. Kule mbuzi na nguruwe walioletwa na watu wanazitafuna na kuzifukua, zikazungushiwa uzio. Na moto ambao kwa regia ni dawa, kule ni kifo, nyasi za kigeni zikiwaka zinamaliza vyote. Ndo maana nikisikia mtu anasema "njia ya kulinda sileni ni moja mbili tatu" namuuliza sileni ipi.

Bishana_Kwa_Hoja:

Mkuu Mlinzi nakuheshimu lakini hii hofu naona imezidi. Si ndo hizi hizi sileni Warusi walifufua ya miaka 30,000? Sasa kama inafufuka baada ya muda wote huo si tuweke mbegu kwenye friza tulale, watu walime ngano zao.

Ticha_wa_Bayo:

Ni kweli, Silene stenophylla, ilitangazwa 2012. Ila soma vizuri walichofanya. Kando ya mto Kolyma huko Siberia, mita kama 38 chini kwenye ardhi iliyoganda daima, walikuta mashimo ya kindi wa ardhini wa zama za barafu wamejaza akiba ya mbegu na matunda. Umri kama miaka 32,000. Mbegu zilizokomaa hazikufanikiwa, kindi anazitafuna kuua kiini zisiote gharani. Walichofanikiwa nacho ni tishu za ndani ya matunda mabichi, wakaikuza kwenye chupa maabara mpaka ikawa mmea mzima, ukatoa maua, ukachavushwa, ukatoa mbegu na mbegu zikaota. Hapo heshima yao. Lakini hayo ni matunda machache katika akiba kubwa mno, yaliyobahatika kuganda haraka na kubaki vile vile bila kuyeyuka hata siku moja. Huwezi kupanga mpango wa hifadhi kwa bahati ya kindi.

Mlinzi_wa_Mbegu:

Ticha umemaliza kwenye maabara, mimi niongeze kidogo kwenye friza maana siipingi, ninaitumikia. Mfano mzuri ni Silene tomentosa, inaota kwenye mwamba wa Gibraltar, kusini mwa Hispania, peke yake dunia nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilishahesabiwa imekwisha, mwaka 1994 mpanda miamba akaiona imeshikilia kwenye jabali ambako hata mbuzi hafiki. Mbegu zake zikapelekwa benki ya mbegu ya Millennium ya bustani ya mimea ya Kew kule Uingereza, miche ikakuzwa, ikarudishwa bustani ya mimea ya Gibraltar na mwambani pia. Benki ilisaidia kwa sababu mwamba ulikuwa bado upo wa kurudishia. Regia unaweza kuwa na mbegu zake pipa zima, kama nyika haipo na wale ndege hawapiti utaiotesha kwenye vyungu milele, kila msimu wewe ndo uichavushe kwa brashi. Hiyo ni kazi ya kudumu ya mtu, na watu wanastaafu.

Na joto nalo liko. Ile acaulis ya Mama Bustani, watafiti waliifuatilia miaka mingi kwenye upande wa kusini wa eneo lake, wakaona mimea inakufa zaidi lakini iliyobaki inakua haraka zaidi, kwa hiyo hesabu inajisawazisha na kwa macho huoni tatizo. Ila kwenye miaka ya joto kali kabisa hata ule ukuaji unashuka, na hapo hamna cha kusawazisha tena. Mmea unaoishi miaka 300 unaweza kuonekana mzima muda mrefu sana wakati watoto hawaongezeki.

Bishana_Kwa_Hoja:

Sawa hapo kwenye mwamba na brashi nimekuelewa. Ila wapeni wakulima wa ngano nao nafasi ya kujitetea siku moja.

Kijani_Kibichi:

Wakuu mmenipa shule nzima, hata sijui nianzie wapi kushukuru. La mwisho kabisa, je ni vibaya kuchuma mbegu za sileni za porini nikiziona ili nipande nyumbani? Na hii viscaria yangu naizalishaje, imeanza kukausha maua.

Mama_Bustani:

Marahaba mwanangu, nimechelewa kuiitikia. Za porini ziache isipokuwa una kibali na una uhakika ni ipi. Spishi hizi zinafanana, ukichuma adimu umepunguza, ukichuma ya kigeni ukaenda kuitupa kwingine umeanzisha latifolia nyingine. Na usipande hiyo latifolia nyeupe na ile nyekundu Silene dioica karibu karibu kama unataka mbegu safi, zinachanganyika haraka, unapata watoto wa pinki iliyofifia katikati.

Viscaria haina shida. Usiipe mbolea nyingi inalegea inalala chini, yenyewe imezoea jabali, jua na maji yanayopita haraka. Ukichanganya mchanga na changarawe kwenye udongo imetosha.

Nondo_wa_Usiku:

Mbegu unazivuna hivi: ua likikauka linaacha kidonge ndani ya kile kikombe, mwanzo kimefungwa kabisa, kikiwa tayari kinapasuka juu kwa meno matano yanayojikunja nje. Kabla ya meno kufunguka usikate, mbegu bado. Yakishafunguka usisubiri upepo mkali, kikate na kikonyo chake, kipindue juu ya karatasi ugonge, mbegu ndogo nyeusi zitamwagika. Ukiona baadhi ya vidonge vina tundu pembeni badala ya meno juu, humo kiwavi ameshapita, weka kando. Zilizobaki mwaga juu ya udongo, funika na mchanga kidogo tu wa kuzishika, mwagilia kwa kunyunyiza. Na shina lenye gundi lishike kwa chini unapokata la sivyo utavuna vinzi pamoja na mbegu.